Joho la Ujiji: lilifungiwa lisiharibike, likaliwa humo humo sandukuni

Mi ni fundi cherehani, nipo Mwanga hapa Kigoma mwaka wa 19 sasa, na nguo iliyoniuma roho kuliko zote nilizowahi kuletewa ni joho moja jeusi la mama mmoja wa Ujiji. Alikuja nalo asubuhi kalikunja ndani ya kanga, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaliweka juu ya meza ya kukatia na hakuongeza neno. Akafunua kanga, akalishika joho mabegani akaliinua mbele ya mlango pale jua linapoingilia, na mwanga ukapita. Bega la kushoto lilikuwa chujio. Harusi ya mwanae wa mwisho ilikuwa imebaki siku 22, na hilo ndo joho walilovaa kaka zake wote watatu, na baba yao kabla yao, na aliyelinunua ni marehemu babu yao.

Akasema, "Fundi, ziba."

Nikamwambia mama kuziba nitaziba, usiwe na wasiwasi na hilo, ila kwanza nijue nani kala, maana nikiziba leo bila kujua, nguo inarudi kwenye sanduku lile lile na mlaji bado yumo, mwakani unaniletea nyuzi tupu. Akakaa kwenye benchi akanieleza yote, na mi naandika hapa nilivyoelezwa na nilivyokuja kuona mwenyewe, kwa sababu kwenye kisa hiki kila mtu alikuwa na jibu lake na karibu yote yalikuwa na sababu ya kuaminika, ila nguo yenyewe ilikuwa inasema kitu kingine.

Joho lilikuwa kwenye sanduku la mninga, lile la zamani lenye kufuli. Ndani kulikuwa na kanzu 3 za pamba, kilemba, kofia mbili za kufuma kwa mkono, shali ya sufu aliyoletewa na mtu aliyetoka Hija, na joho. Katikati aliweka vidonge 6 vya nafthalini, vile vyeupe vya mviringo ambavyo wengi tunaviita dawa ya kabati, kavifunga kwenye leso. Akafunga kufuli na hakulifungua tena kwa miezi 14.

Hapo kwenye kutofungua nikamuuliza mara mbili, kwanini hukufungua mama, akanyamaza kidogo. Afu akasema zamani joho lilikuwa halikai, lilikuwa kama la mtaa mzima, mwezi huu limeazimwa Gungu, mwezi ujao Buzebazeba, likirudi analikung'uta analianika kivulini analifukiza udi, wiki mbili tatu linatoka tena. Sasa mara ya mwisho lilirudi na doa la mchuzi pajani na upindo umefumuka, na aliyeazima hakuomba hata radhi. Ikamuuma. Akaona bora alifungie kabisa mpaka siku ya mwanae. Ufunguo akawa anaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Nyumbani kwake kila mtu alishatoa hukumu. Shangazi mtu kasema panya. Kijana anayeoa kasema mende, maana kawaona jikoni. Jirani kasema joho lilikuwa linasifiwa sana, watu wana jicho. Mama mwenyewe aliamini kauziwa vidonge feki. Na kuna mmoja akasema ni cheche za pasi ya mkaa, na huyo kwa kweli nilimpa nafasi kubwa mwanzoni kwa sababu matundu mengi ninayoletewa dukani ni ya cheche, tena watu wanakataa kabisa kwamba waliunguza.

Ila tundu la cheche lina ukingo mgumu, ukipitisha kidole unahisi kama limekaushwa, na rangi yake inaelekea kahawia. Haya yalikuwa laini pembeni, nyuzi zimeachia tu. Panya hatafuni matundu 43 madogo madogo (nilihesabu), panya anang'wafua pakubwa kwa vurugu, anaacha kinyesi na mkojo unaonuka, na kitambaa kingine anakibeba akatengeneze kiota. Mende anaparua juu juu penye wanga au chakula na anaacha vile vidoadoa vyake. Mchwa nao huku kwetu wanamaliza masanduku kweli, ila mchwa anakuja na udongo wake, na asingeziacha zile kanzu za pamba. Nikamuuliza mama kanzu zikoje, akasema nzima. Zote? Zote, ila moja ina katundu kadogo kwenye kola. Kilemba kizima. Kofia nzima. Shali je? Mama akashika mdomo. Shali imeliwa kuliko hata joho.

Basi nikaanza kuelewa. Joho na shali zimeliwa, pamba imeachwa. Nikaligeuza joho ndani nje, bitana ya poliesta nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, yani mdudu kala kitambaa cha juu akafika kwenye bitana akaiacha. Ile taraza ya kasabu kifuani, yani urembo wa nyuzi za kung'aa, imebaki inaning'inia hewani, kitambaa chini yake hakipo. Huyu mlaji anachagua.

Na hapa niseme kitu ambacho mafundi tunakijua ila watu wanachanganya kila siku. Kuna sufi na kuna sufu. Sufi ni ile ya mti, msufi, tunajazia mito. Sufu ni manyoya ya kondoo. Na mlaji wetu ni nondo wa nguo, yule mdudu mdogo mwenye mabawa kama kipepeo ambaye buu lake ndo linakula nguo, na yeye anataka sufu, sufi haina kitu kwake. Chakula chake ni keratini, ile proteini ya nywele, kucha, manyoya ya ndege, pembe, ngozi yenye manyoya. Hariri sio keratini ila nayo ni proteini na anaila. Pamba, kitani, poliesta, nailoni havimlishi, isipokuwa vikiwa na jasho au mchuzi au maziwa ya mtoto, hapo anatafuna kwa kufuata uchafu na ndo maana kanzu ilitobolewa kwenye kola tu. Na joho la zamani, lile joho hasa, ni kitambaa kizito cha sufu. Mengi yanayouzwa siku hizi ni poliesta na hayo hayaliwi, kwahiyo watu wa rika langu kushuka chini hawajawahi kuona nguo imeliwa hivi wakafikiri nondo ni habari ya vitabu vya dini tu.

Kama huna uhakika nguo yako ni nini, chomoa uzi mmoja upindoni, ushike kwa koleo, uunguze juu ya sahani mbali na nguo. Sufu inanuka nywele zilizoungua, haishiki moto vizuri, inaacha kikaa cheusi kinachosagika. Pamba inanuka karatasi na majivu yake ni laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka inaganda kama shanga ngumu. Nilimfanyia mama hilo jaribio pale pale, harufu ya nywele ikajaa duka.

Afu nikachukua kile kioo cha kukuzia ninachotumia kuona namba za sindano, nikaenda chini ya kola. Kulikuwa na utando mwembamba mweupe ambao mtu wa haraka angeufuta akasema buibui, na ndani ya utando chembe nyeusi ndogo kama mbegu za mchicha. Mama akadhani ni uchafu. Kile ni kinyesi cha buu, na kinatoka na rangi ya nguo aliyokula, angekula nguo nyekundu kingekuwa chekundu. Kandokando ya mshono wa bega nikaona kama kipande cha uzi mnene, urefu kama punje ya mchele, kimelala. Nikakiangalia. Kikasogea.

Kile ni kifuko. Ndani yake kuna buu jeupe lenye kichwa cha kahawia, linatembea na nyumba yake kama konokono, linatoa kichwa linakula, likiguswa linarudi ndani. Kuna jamii ya nondo wa nguo inayobeba kifuko na kuna nyingine inayotandaza utando tu, na sandukuni kwa mama nadhani zilikuwemo zote mbili. Sasa huyu wa kifuko anakishona kwa nyuzi za kile anachokula, na akikua anakirefusha kwa kuongeza huku mwisho na huku mwisho. Yani katikati ya kifuko ndo utoto wake, ncha mbili ndo chakula chake cha karibuni. Nikakilaza juu ya karatasi nyeupe nikamwita mama aje na yeye aangalie kwenye kioo. Ncha zote mbili nyeusi, nyeusi ya joho. Katikati kulikuwa na mkanda wa rangi ya damu ya mzee.

Joho halina uzi wa rangi hiyo popote. Shali ilikuwa kijivu. Nikamuuliza mama nyumbani kuna kitu gani cha sufu chenye rangi ya damu ya mzee, akasema hakuna. Nikamwambia kipo, huyu mdudu amezaliwa juu yake. Nikafunga duka tukapanda bajaji tukaenda Ujiji.

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha chumba cha uani, ubao wa chini una mwanya unaoingia senti. Na ubavuni kwake, limegusana kabisa na sanduku, kulikuwa na salfeti. La nini hili mama? La mtoto wa dada yake, alijaribu biashara ya mitumba, alinunua masweta apeleke Heru Juu kule Kasulu kwenye baridi, yakauzika nusu, nusu akayaacha hapa akaenda zake kutafuta maisha, karibu mwaka na nusu sasa. Tukalivuta nje. Nilipokata kamba wakaruka nondo watatu wanne, wadogo sana, rangi ya majani makavu yanayong'aa kidogo, hata sentimita moja hawafiki, na hawakuruka kuelekea mwangani, walikimbia kwa miguu kurudi kwenye mikunjo ya giza. Chini kabisa kulikuwa na sweta la rangi ya damu ya mzee, mkono mmoja tu ndo umebaki na umbo. Masweta ya akriliki yaliyokuwa juu yake yalikuwa mazima kama yametoka dukani jana.

Mama alikaa chini kwenye mkeka. Hakulia, ila alikaa muda mrefu.

Nieleze hapo kwenye kukimbia giza, kwa sababu mama alikuwa anapuliza dawa ya mbu chumbani kila jioni akiua nondo wanaozunguka taa akijua anajilinda. Wale wakubwa wa kwenye taa hawahusiki. Nondo wa nguo anakwepa mwanga, utamuona anatembea ukutani au anaruka kwa kuyumbayumba chini chini kwenye kona. Na hata huyo ukimuona sio yeye anayekula, akishakuwa na mabawa hana mdomo wa kulia kitu, kazi yake ni kutaga tu, jike mmoja mayai 40 hadi 50, kisha anakufa ndani ya wiki chache. Anayekula ni buu. Kwa joto la huku mayai yanaanguliwa ndani ya siku 4 mpaka 10, na mambo yakiwa mazuri kwake kizazi kizima kinakamilika ndani ya miezi miwili mitatu. Piga hesabu miezi 14, gizani, hakuna anayefungua, na unyevu wa ziwa. Walikuwa wanazaana kwa raha zao.

Halafu vidonge. Mama alisisitiza sana kwamba ni feki na mi nikamwambia mama, inawezekana kabisa vilikuwa vizuri. Nafthalini inafanya kazi kwa mvuke. Kidonge kinageuka hewa polepole bila kuwa maji, na ule mvuke ukijaa ndani ya chombo kisichopitisha hewa kabisa ndo unaua. Kwenye sanduku lenye mwanya chini, vidonge 6, joto hili, mvuke unatoka nje kadri unavyozalishwa. Alipofungua leso ilikuwa tupu, imebaki harufu tu. Harufu ndo inayodanganya watu, unafungua unasikia inanuka dawa unasema nguo zimelindwa, kumbe kiwango cha kuua hakijawahi kufikiwa hata siku moja.

Ila kilichonishtua mimi ni kingine. Kwenye droo ya kabati chumba kile kile kulikuwa na leso nyingine ya vidonge hivyo hivyo, imewekwa katikati ya nguo za kichanga. Mkwewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki ya tatu hiyo. Niliomba vitoke siku hiyo hiyo na nikasema kwa sauti ya ukali kidogo ambayo kwa mtu mzima kama yule sio adabu, nikaomba radhi baadae, lakini hili sina utani nalo. Kuna upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha kwenye damu kinachoitwa G6PD, upo zaidi kwenye maeneo ya malaria kama huku kwetu, na unawapata zaidi watoto wa kiume, wengi wanao na hawajui maana mtu anaishi nao vizuri tu. Mtoto mwenye upungufu huo akivikwa nguo au akifunikwa shuka lililokaa na nafthalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, anaishiwa damu, anageuka manjano mpaka manjano ipande kwenye ubongo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilishaondoa vidonge vya nafthalini sokoni tangu 2008. Huku bado tunavinunua na kuviweka kwenye shuka la mtoto, tena mtoto mkubwa kidogo akikiona anadhani peremende. Nguo zote za kichanga zilifuliwa upya mara mbili na kuanikwa mpaka harufu ikaisha kabisa, ndo akavikwa. Na kama nguo ya mtoto imeshakaa na vidonge na unaona macho yake yana manjano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, usingoje kesho, nenda hospitali na uwaambie kuhusu vidonge, usiwaachie wahangaike kutafuta.

Sasa kwanini joho liliishi miaka yote hiyo bila kuliwa? Hilo ndo swali nililolala nalo usiku ule. Sanduku ni lile lile, mwanya ule ule, ziwa lile lile. Mama alisema ni udi, maana bibi yake alikuwa anafukiza nguo. Mi nadhani udi ulisaidia ila sio kwa moshi wake. Harufu kali, iwe udi, karafuu, majani ya mwarobaini au tumbaku, zinaweza kumfanya nondo jike asipende kukaa hapo, lakini yai lililokwisha kutagwa halisikii harufu na buu lililo ndani ya utando wake linaendelea kula. Kilichokuwa kinaokoa joho ni kwamba ili ulifukize lazima ulitoe. Unalikung'uta, mayai mengine yanadondoka, unaliweka mwangani na buu halivumilii mwanga, unalipiga brashi, unaliona. Na kila baada ya wiki chache mtu anaazima, linatoka tena. Joho lililokuwa linazunguka Ujiji nzima halikuwahi kupata miezi miwili ya utulivu. Lilipopendwa zaidi likafungiwa, likiwa na jasho la bwana harusi kwenye kola na kwapani na doa la mchuzi pajani, na matundu 31 kati ya 43 yalikuwa sehemu hizo hizo. Bega la kushoto ndo lililokuwa limelala chini upande wa mwanya.

Nilimwambia mama hivyo, taratibu. Akaniambia, "Kwahiyo nimeliua mimi." Nikamwambia hapana mama, aliyeleta salfeti naye hakujua, na aliyerudisha joho na mchuzi naye ana lake.

Kazi yenyewe. Mvua za masika zilikuwa hazijakata, jua la kuaminika hakuna, vinginevyo ningeweza kujaribu kulifunga kwenye nailoni nyeusi nikaliacha juu ya bati mchana kutwa, maana joto likipita nyuzi 55 na likaingia mpaka katikati ya mikunjo mayai na mabuu vyote vinakufa. Kuchemsha haikuwezekana, sufu ukiitia maji ya moto inasinyaa inakuwa nguo ya mtoto. Drai klina ya kweli inayotumia dawa yake bila maji ingeua kila kitu pia, ila na ile kasabu nilisita kulitoa mkononi. Nikachagua baridi. Friza ya kawaida iliyojaa baridi yake sawasawa inafika nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo siku 3 ndo kiwango cha chini, mi napendelea wiki maana friza za biashara zinafunguliwa kila saa.

Nikaenda Kibirizi kwa mama mmoja anayeuza barafu na migebuka, ana friza la kulala, nikamuomba kona. Alicheka sana, joho la harusi linalala na samaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliiacha tangu marufuku ya Juni 2019 kwahiyo nikatumia nailoni nzito iliyokuja na godoro jipya, nikalikunja joho na shali kwa ulegevu, nikatoa hewa kwa kukandamiza na mikono, nikapiga selotepu pande zote, kisha nailoni ya pili juu yake kwa ajili ya harufu. Usiku wa nne umeme ukakatika masaa kama matano, nikaongeza siku mbili. Jumla siku 9. Na ukilitoa usifungue, liache limefungwa hivyo hivyo siku nzima lirudi kwenye joto la chumba, ukifungua likiwa baridi hewa ya huku inageuka maji juu ya nguo na umetoka kwa nondo unaingia kwa ukungu. Halikunuka samaki hata kidogo, nilikuwa nimekaza selotepu kweli kweli.

Baada ya hapo brashi, nje, uani, kwa mwelekeo wa manyoya, hasa chini ya kola na ndani ya mishono, utando wote na mabuu yaliyokufa. Doa la mchuzi na zile sehemu za jasho nilizifuta kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya nywele kidogo, maana sufu ni nywele, ioshe kama nywele. Sabuni ya unga ni kali kwake, na jiki ndo usithubutu, jiki inayeyusha sufu, nimewahi kuona sweta limegeuka uji kwenye beseni. Likaning'inizwa kivulini siku moja.

Zikawa zimebaki siku 11. Nyuzi za kuzibia nilizitoa kwenye joho lenyewe, upindo wa chini ulikuwa mpana umekunjwa mara mbili, nikafumua nikakata ukanda wa ndani nikawa nachomoa uzi mmoja mmoja, kwahiyo rangi na uchakavu wake ni ule ule. Tundu dogo unalisuka kwa sindano, unatandika nyuzi za kwenda afu unapitisha za kuvuka juu chini juu chini, bila kukaza, ukikaza kitambaa kinajikunja. Bega halikusukika, lilikuwa limezidi, hapo nilikata kipande kutoka kwenye ule ule ukanda nikakipachika kwa ndani na kushika pembeni kwa mshono wa mkono usioonekana, afu nikairudisha taraza ya kasabu juu yake. Siku 8, nikifanya jioni baada ya kazi za watu wengine. Shali haikuokoka. Nilibakiza kipande cha ukubwa wa leso, mama akasema nikipige pindo atakiweka tu.

Wakati mi nashona, wao nyumbani walifanya upande wao na bila huo wangu ungekuwa wa bure. Sweta la damu ya mzee na mengine mawili ya sufu yalichomwa, ya akriliki yalifuliwa kwa maji ya moto yakauzwa. Kitanda kikatolewa, nyufa za sakafu na kona zikakwanguliwa kwa kijiti na kufagiliwa, yale mavumbi ya chini ya kitanda yamejaa nywele za watu na ni chakula pia, yakatupwa mbali kabisa na nyumba. Darini kulikuwa na kiota cha ndege kilichoachwa kimejaa manyoya, nacho kikashushwa, huko ndiko nondo hawa wanakoishi hata kabla binadamu hajavaa sufu. Sanduku likasuguliwa ndani likaanikwa wazi, mwanya ukazibwa na seremala kwa unga wa mbao na gundi. Mtu mmoja alitaka kupaka mafuta ya taa ndani nikakataa, yanachafua nguo na ni moto unaosubiri kiberiti.

Usiku wa harusi nilikuwepo. Taa ya mpiga video ilimuwakia bwana harusi begani muda wote na mi macho yangu yalikuwa hapo hapo begani, na nikageuka nikamuona mama naye anaangalia hapo hapo. Hakukupita mwanga.

Tulichokubaliana kuhusu kulihifadhi ni kidogo tu. Halirudi sandukuni likiwa limevaliwa hata kwa saa moja bila kupigwa brashi, kufutwa kola na kwapa na kukauka kabisa. Linafungwa kwenye shuka la pamba lililofuliwa. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi linatolewa, linakung'utwa uani, linafukizwa udi kama bibi alivyofanya, na mtu anaangalia chini ya kola kwa macho sio kwa kukisia. Hakuna kinachowekwa kugusana na sanduku. Vidonge havirudi, na hilo mkwewe ndo analisimamia kuliko hata mimi.

La kuazima nililisema mwisho kwa sababu nilijua bado linamuuma. Nikamwambia mama, likizunguka ni salama zaidi kuliko likilala, wewe andika tu kwenye daftari nani kachukua na siku gani analeta, na asiyelisafisha asipewe tena. Hakunijibu siku ile.

Wiki iliyopita nimepita Ujiji kupeleka shela la mteja, nikapiga hodi nimsalimie, nikauliza joho. Halipo, akasema, limeenda Bangwe tangu Alhamisi, linarudi Jumatatu. Kwenye kamba ya uani upande wa kivuli alikuwa ameshatundika henga tupu, na brashi imefungwa kwa uzi pembeni yake.